Mnunuzi Asiyetaka Kutajwa

Tarehe 6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima ukiacha mafua, na mafua yenyewe ni ya upande mmoja tu wa pua, kwa hiyo sina la kulalamika. Nimesikia dada amejifungua mtoto wa kilo nne na nusu. Mpe hongera, mpe na pole, na mwambie huyo si mtoto, huyo ni mpangaji.

Sasa kazi, maana najua ndiyo unayoisubiri. Ofisi yetu ya udalali wa hisa ina makarani kumi na wawili, na kila mmoja amekabidhiwa hisa za kampuni moja: ajue bei yake ya leo na ya jana, ya juu na ya chini kwa mwaka mzima, na azisemee vizuri kwa wateja. Jirani yangu wa kulia kapewa benki. Wa kushoto kapewa saruji. Mimi kwa kuwa ndiye mgeni nimepewa, kaa kitako shangazi, Kiwanda cha Vifungo. Ndiyo, hicho hicho cha hapo kwenu, alichofanyia kazi babu miaka thelathini na moja akitoboa matundu manne manne.

Shida ni kwamba hisa za vifungo hazijanunuliwa na binadamu tangu mwaka juzi. Kwenye ubao wa bei, mstari wake umekaliwa na buibui. Buibui kweli, mwenye miguu, na mfagizi ameshamzoea. Na Mkubwa wetu ana sheria moja tu: karani ambaye hisa zake zimelala miezi mitatu, naye akalale kwao. Miezi yangu mitatu inaisha katikati ya Machi.

Usihangaike. Nimekuambia kwa sababu uliniuliza kazi inaendaje, basi ndivyo inavyoenda.

Mpwa wako,
Karani wa Vifungo

*

Tarehe 1 Machi

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki tatu kufika, nadhani nayo ilikuwa na mafua. Huku wote wazima. Mtoto ananyonya utadhani analipwa, dada yako amebaki mifupa na kicheko. Kinyozi wa jirani ameanza kuuza magazeti, na anamsomea kila mteja habari kwa sauti akiwa na wembe mkononi, kwa hiyo siku hizi hakuna anayembishia.

Nimeshangaa sana. Kijana uliyesoma mpaka macho yakaingia ndani, wanakupa vifungo? Na huyo Mkubwa wako hana adabu. Unamfukuzaje mtoto wa watu kwa sababu karatasi fulani ni mvivu?

Mimi ni fundi cherehani. Mambo ya hisa siyajui, siyataki na sitayagusa. Nauliza tu kupitisha muda: mtu akitaka kununua hisa bila jina lake kutajwa, inawezekana? Na yule wakala aliyefungua ofisi hapa kwetu juu ya duka la viatu, oda zake zinafika kwenu? Kama una kazi nyingi usijibu. Nitamuuliza mwenyewe nikipita, sina maana yoyote, nitakuwa nakwenda kununua viatu.

La pili. Zile hisa za babu yako, alizopewa na kiwanda siku ya kustaafu badala ya saa ya ukutani, akamwachia baba yako, na baba yako akakuachia wewe. Ziko salama? Maneno ya mzee unayajua: haziuzwi. Mimi nilipewa cherehani, kaka yangu akapewa hisa, na hakuna aliyenung'unika. Nijibu hilo.

Shangazi yako

*

Tarehe 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mafua yameisha, asante kwa kutoyauliza. Nimehama chumba. Nilichonacho sasa ni kidogo, lakini kina raha yake: nikiwa nimelala nafikia mlango, dirisha na jiko bila kuinuka.

Hisa za babu zimewekwa mahali pazuri.

Sasa sikiliza maajabu! Tarehe kumi na tisa Machi, siku nne baada ya ile katikati ya Machi niliyokutajia, hisa za vifungo ziliamka. Mtu kanunua! Na hakununua kwa bei iliyokuwa ubaoni, alitaka kulipa zaidi. Wiki iliyofuata kanunua tena, kwa bei ya juu zaidi ya ile. Leo vifungo vimefika bei ya juu kabisa ya mwaka, wameviwekea alama ya chaki nyekundu, na buibui kafukuzwa.

Hapo nikufundishe kidogo. Chaki nyekundu ikishawekwa, wafanyabiashara wa soko wanagawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanasema: bei imegusa dari, uza haraka kabla haijakugeukia. Wa pili wanasema: imetoboa dari, nunua, kwa sababu kila aliyenunua mwaka huu sasa yuko kwenye faida, na hakuna mwenye kidonda anayesubiri bei irudi alipoumia ili auze akimbie. Kambi zote mbili zina shahada, na wote wamevaa tai. Jana nimewasikia wakibishana mpaka mmoja akakosa pumzi.

Siku hizi ofisini sikai sana. Kazi yangu inanitaka nje. Hata ubao nauangalia dirishani nikiwa barabarani, kuna mwanga mzuri zaidi.

Mnunuzi mwenyewe kwenye daftari ameandikwa "asiyetaka kutajwa". Ni mtu mkubwa huyo. Kwa bahati yupo muuzaji mmoja anayemwuzia kidogo kidogo, na huyo naye ni siri ya kazi.

Ndani ya bahasha kuna kitu kidogo kutoka kwenye mshahara wangu. Ni furaha yangu kuweza kukutumia, kwa hiyo usinirudishie.

Mpwa wako

*

Tarehe 25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pesa imefika, ubarikiwe. Nimeinunulia kitu cha nyumbani.

Mtoto ana jino. Dada yako anasema halijatoka, mimi nimeng'atwa, nani anajua zaidi?

Furaha niliyo nayo sina pa kuiweka. Yaani huyo Mkubwa wako amejua sasa wewe ni nani! Ameomba radhi? Amekupandisha? Hukuniandikia. Kinyozi ametusomea ukurasa mzima wa vifungo. Mchambuzi mmoja kaandika kwamba hiyo ni ishara ya imani ya wawekezaji katika mavazi yenye heshima. Mwingine kaandika kwamba zipu zimefikia mwisho wa safari yake. Mimi nimefunika macho kwa taulo, ingawa sikwenda kunyoa.

Cherehani ya dirishani nimeipumzisha. Zilikuwa tatu na mikono yangu ni miwili, hesabu ilikuwa haikai. Sasa chumba cha kazi kina nafasi, hewa inapita, hata mteja anaweza kujigeuza akipimwa.

Hebu niambie, kijana ambaye hisa zake zimefika kilele cha mwaka anaweza kufukuzwa? Nijibu ndiyo au siyo.

Shangazi yako

*

Tarehe 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mpongeze mtoto kwa jino, na wewe pole kwa kidole.

Jibu la swali lako: kijana ambaye hisa zake zimefika kilele hawezi kufukuzwa tena. Hilo naweza kukuapia.

Vifungo vimeweka kilele cha mwaka mara ya tatu. Huku ni wazimu mtupu. Kuna bwana wa soko la hisa, mwenye kanda za suruali mabegani, amekwenda kuhesabu vifungo vya wapita njia barabarani kwa siku mbili nzima, akarudi na mchoro. Wakala wa huko kwenu ameleta taarifa kwamba mteja wake hapatani bei kama watu: anagombana ipande. Wakala akisema kumi, yeye anagonga meza, "Kumi na mbili au naondoka!" Watu wa hapa wanasema huyo ana habari ambazo sisi hatuna. Mimi nadhani ni mtu wa madini, mwenye moyo baridi na nyumba nyingi.

Lakini shangazi, nakuomba jambo moja. Najua kinyozi anawasomea hayo na watu wanashawishika. Wewe usithubutu kununua. Nakwambia mimi niliyekaa ndani ya jambo lenyewe. Bei hii imesimama juu ya mtu mmoja tu. Siku huyo akichoka, hakuna wa kumpokea, na atakayekuwa na karatasi mkononi ndiye atakayelia. Acha alie yeye, ana uwezo. Wewe una cherehani zako.

Nimeweka tena kitu kidogo cha mshahara. Safari hii ni zaidi, maana mambo ni mazuri.

Mpwa wako

*

Tarehe 28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Pesa nimepokea. Nimeinunulia tena kile kitu cha nyumbani, maana kimoja hakikutosha.

Wote tuko salama. Mimi nilipata kizunguzungu kidogo baada ya kusoma barua yako, dada yako akaniletea maji, nimekaa, kimepita.

Nimekusikia, nisinunue. Ni ushauri mzuri, pengine ungekuja mapema. Nasema pengine kwa sababu ya watu wengine ambao huenda walishanunua, siwajui.

Cherehani ya katikati nayo nimeipumzisha. Nabaki na moja, ile ya babu yako, na mikono yangu inaitosha kabisa. Wateja wanaosubiri wanasubiri. Waliochoka wamekwenda kwa fundi mwingine, na suruali zao zitawapwaya, watanikumbuka.

Nina swali moja tu, na usinizungushe. Huyo mnunuzi akiacha kununua kesho, wewe kazi yako itakuwaje?

Shangazi

*

Tarehe 21 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa kizunguzungu. Pumzika, na ule.

Akiacha nitapata taabu kidogo, sikufichi. Ila hakuna haja ya kuwaza, maana nasikia na yule muuzaji anakaribia kuishiwa. Amebakiwa na karatasi moja. Akishaiuza hiyo, sijui itakuwaje. Sijui kwa upande wake, namaanisha.

Naandika kwa ufupi, nina mkutano.

Kuna kidogo ndani ya bahasha. Samahani safari hii ni kidogo kweli.

Mpwa wako

*

Tarehe 27 Agosti

Wewe!

Salamu baadaye. Soma kwanza.

Alhamisi ya wiki iliyopita wakala kaniita juu ya duka la viatu. Hati zangu za hisa zimefika, zote kwa mpigo, miezi mitano tangu ninunue ya kwanza. Ndiyo, zangu. Mtu wa madini ni mimi. Mwenye moyo baridi na nyumba nyingi ni mimi shangazi yako, ambaye bati la jikoni linavuja. Nilinunua ili Mkubwa wako asikufukuze. Hisa zikilala na wewe ukalale, si ulivyoniandikia? Nikasema hazilali, mpaka nilale mimi. Nikataka na bei ipande, ili waone kwamba mtoto wetu amepewa vifungo akavifanya dhahabu.

Sasa kile kiwanda unakijua kwa ubahili. Karatasi mpya hawachapishi. Hisa ikiuzwa wanachukua hati ile ile ya zamani, wanakata jina la mwenyewe kwa mstari, wanaandika jina la aliyenunua chini yake. Nikafungua ya kwanza. Juu kabisa jina la baba yangu, limekatwa. Chini yake jina la kaka yangu, limekatwa. Chini yake jina lako, limekatwa. Chini yake, mimi.

Nikafungua ya pili. Hivyo hivyo. Zote saba hivyo hivyo.

Wakala akaniuliza kama aite mtu. Nikamwambia lete kalamu. Tukapanga barua zako, nilizokuwa nazo mkobani, na tarehe za hati, mstari kwa mstari, na wakala akaanza kutoka jasho kuliko mimi. Karani mwenye kazi hauzi urithi wake, wala haangalii ubao kutoka barabarani: ulishafukuzwa kabla sijanunua ya kwanza. Wewe ulikuwa unaniuzia mali ya baba yangu. Hela niliyokulipa unanirudishia kwenye bahasha unaita mshahara. Hela hiyo naipeleka kununua mali ya baba yangu tena, kwa bei kubwa zaidi, na kila tukizunguka dalali anakata chake kwangu na anakata chake kwako. Zilipopungua nikauza cherehani mbili. Imani ya wawekezaji ni mimi na wewe! Mwisho wa zipu ni mimi na wewe!

Nilitaka kupanda basi siku ile ile nije nikuchape hapo barabarani kwenye mwanga mzuri. Lakini Jumamosi palikuwa na mkutano wa wanahisa ukumbini kiwandani, na kumbe kwa zile karatasi saba mimi ndiye mwenye hisa nyingi kuliko raia yeyote. Nimewekewa kiti cha mbele. Mabwana wa soko wamekuja kutoka huko kwenu, yule wa kanda mabegani akiwemo, kumwona asiyetaka kutajwa. Mwenyekiti akanisimamisha. "Mama, bei imevunja kilele cha mwaka mara tano. Tueleze, uliona dalili gani?"

Nikawaambia ukweli. Nikasema, sikuona dalili yoyote, niliogopa mtoto atafukuzwa kazi, na kumbe alishafukuzwa, na aliyeniuzia ni yeye. Ukumbi mzima ukacheka mpaka viti vikalia. Wakapiga makofi. Nikamsikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Unaona anavyoficha?"

Tulipotoka, yule wa kanda akanishika mkono anataka anunue. Nikamwambia hazina kitu, bwana. Akaongeza bei. Nikamwambia kweli tena, aliyekuwa ananunua ni mimi peke yangu na mimi nimeacha. Akaongeza. Mara ya tatu nikamwambia kwa kupiga kelele, kinyozi shahidi. Akatoa kalamu. Basi nikamwuzia nne, kwa bei ya kutosha kukomboa cherehani moja, maana ya pili ilishasafiri. Zilizobaki sikumpa, hata angelia.

Jumatatu vifungo vikafika kilele tena. Jumanne hakuna aliyenunua. Leo kinyozi ametusomea kwamba bei imeporomoka kwa sababu ya ukame wa nchi za mbali. Yule bwana wa kanda ameandikwa humo humo gazetini, anasema anasubiri, ana subira. Yameisha, na hisa za baba yangu sikulilii. Ni karatasi.

Lakini nilivyorudi nyumbani nilizipanga barua zako mezani nikazisoma upya, na hapo ndipo nilipolia mpaka dada yako akaogopa. Ulifukuzwa Machi. Miezi mitano huna kazi, unahama vyumba, unauza urithi wako na unanitumia mimi hela, na mimi shangazi yako niko hai, nina mlango na nina sufuria! Ulidhani ningefanya nini? Ningekucheka? Bei ya vifungo umeniandikia mpaka senti. Kama umekula hukuniandikia hata mara moja. Na mimi sikuuliza, nilikuwa nauliza kazi, kazi, kazi. Hilo ni kosa langu na linaniuma kuliko lako.

Cherehani ziko mbili. Moja haina mtu. Mshono hujui, utafundishwa, si umesoma?

Sitaki barua ndefu. Sitaki bei ya kitu chochote. Nijibu umekula lini.

Shangazi yako

*

Tarehe 9 Septemba

Shangazi,

Shikamoo.

Sijala tangu jana asubuhi. Nakuja.

Mwanao